Ngumi Zilimpa Jina, Gofu Ikamteka: Maisha ya Joe Louis

Mikinduri hatuna uwanja wa gofu. Tuko na miraa, tuko na majani chai kule juu upande wa Michimikuru, tuko na soko na boda boda kibao. Uwanja wa gofu wa kwanza kuona kwa macho yangu ni Nanyuki, na hata huo niliuona nikiwa ndani ya matatu. Kwangu gofu ilikuwa mchezo wa wazee wa kitambi kwa TV, ile saa unatafuta rimoti chini ya kiti ubadilishe stesheni.

Halafu mwaka jana nikaangukia fimbo moja ya gofu kwa mtumba. Jamaa alikuwa ameiweka kati ya viatu na mikanda, hata yeye hakujua vizuri ni ya kazi gani. Akaniitisha soo mbili nikatoa. Nilidhani nitakuwa nafukuza nayo mbwa. Jioni moja mimi na beshte yangu tukachimba shimo kwa kiwanja cha shule ya msingi, shule zikiwa zimefungwa, na kwa sababu hatukuwa na mpira tukatumia makadamia, zile bado ziko na ganda ngumu. Mara saba nilichapa hewa na nyasi, beshte anacheka mpaka anakaa chini. Ya nane ikashika. Maze, ile sauti! Kitu ndogo inakata hewa, inapita juu ya fensi, inapotea kwa shamba la wenyewe, na mkono hausikii hata uzito. Tukanyamaza wote wawili. Kisha beshte akaninyang'anya fimbo. Wiki mbili zilizofuata mathe alikuwa anauliza makadamia zake zinaenda wapi.

Ndio nikaanza kutafuta kama kuna msee mwingine, asiyezaliwa kwa pesa, amewahi kushikwa na huu ugonjwa akiwa mtu mzima. Nikampata Joe Louis. Nilikuwa nafikiria ni stori ya kuchekesha. Sio.

Kama jina hulijui, uliza mzee yeyote mtaani anayefuata ndondi. Kabla ya Tyson, kabla hata ya Muhammad Ali, kulikuwa na huyu jamaa mtulivu wa sura ya baridi ambaye alishika taji la dunia la uzito wa juu karibu miaka 12 na kulitetea mara 25. Rekodi ya wazito hiyo bado imesimama.

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1914 karibu na mji mdogo wa LaFayette, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Jina kamili ni Joseph Louis Barrow, mtoto wa saba kati ya wanane. Wazazi wake walilima shamba la mwenyewe kwa makubaliano ya kugawana mavuno, ile kazi unafanya mwaka mzima na mwisho bado uko na deni. Familia yao ilikuwa imetoka utumwani si zamani sana. Kabla hajafikisha miaka 3, babake akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mamake, Lillie, akaolewa tena, na mwaka 1926 wakafunga virago wakaenda Detroit, mji wa viwanda vya magari, kama vile watu wa huku wanavyoshuka Nairobi kutafuta.

Huko mathe alimpa dogo pesa za masomo ya fidla. Dogo akazibeba mpaka gym ya ndondi. Inasemekana jina la Barrow lilikatwa hapo ndio mama asigundue haraka. Mwanamuziki tulipoteza, sawa, lakini mwaka 1934 alishinda taji kubwa la ridhaa, na tarehe 4 Julai mwaka huo huo akaingia ndondi za kulipwa. Nyuma yake walikuwa mameneja wawili weusi, John Roxborough na Julian Black, pamoja na mwalimu mkali anaitwa Jack Blackburn.

Hawa watu walimwekea sheria. Asipigwe picha na mwanamke mzungu. Asimcheke mtu aliyemwangusha. Asionekane akijipiga kifua. Sababu ni kwamba mtu mweusi wa kwanza kushika taji hilo, Jack Johnson, aliishi vile alivyotaka, na wazungu wakaapa hawatampa mweusi mwingine nafasi. Kwa hivyo Joe akiwa na miaka 20 alikuwa anatembea kama mtu amebeba trei ya mayai. Kila kitu alichofanya kilihesabiwa kwa niaba ya watu wake wote.

Mwaka 1935 alimnyuka Primo Carnera, kisha Max Baer, wote waliokuwa wamewahi kuwa mabingwa wa dunia. Siku ya pambano la Baer alimwoa Marva Trotter kwanza, halafu akaenda kazini. Hakuna bondia alikuwa amempiga tangu aanze kulipwa. Pesa ikaingia, magazeti yakajaa picha yake.

Hapo ndio gofu inaingia kwa stori. Anayetajwa kumwonyesha mchezo ni Ed Sullivan, wakati huo mwandishi wa gazeti New York, yule baadaye akawa jina kubwa la televisheni. Joe akajaribu. Na kama kuna mtu amewahi kuonja ule mkwaju wa kwanza unaoshika, anajua kilichofuata. Kijana wa miaka 21 au 22, ambaye ngumi zake zinaangusha majitu, anakutana na mpira mdogo uliotulia chini bila kumfanyia kitu, na unamshinda. Anarudi kesho. Anarudi kesho kutwa.

Mimi naona kulikuwa na jambo lingine, na hii ni maoni yangu tu. Kwa ulingo Joe hakuruhusiwa kukosea. Akianguka, watu wanalia kutoka Harlem hadi Alabama. Kwa gofu angeweza kuwa mbovu. Angeweza kuchapa mpira ukaingia kwa bwawa na dunia isisimame. Ni raha gani hiyo kwa mtu aliyefungwa na sheria kila saa? Hata mimi, mtu nimeacha kolej katikati na kila sherehe ya familia naulizwa nitarudi lini, naelewa kidogo utamu wa kufeli kitu ambacho hakuna anayekupimia.

Shida ni kwamba alichagua wakati mbaya wa kupenda.

Pambano kubwa lililofuata lilikuwa na Mjerumani, Max Schmeling, bingwa wa zamani wa miaka 30 ambaye wengi walishamhesabu kama ameisha. Joe akaweka kambi Lakewood, New Jersey. Badala ya kukimbia na kupiga mifuko vile ilivyopangwa, jamaa akawa anaponyoka kwenda kuchapa gofu. Blackburn alikuwa anachemka. Kwake misuli ya kuzungusha fimbo haikuwa misuli ya kurusha ngumi, na jua la uwanjani lilikuwa linamkausha mtu wake. Joe alisikia kwa sikio moja.

Tarehe 19 Juni 1936, Yankee Stadium, New York. Raundi ya 4 Joe akaenda chini. Raundi ya 12 akaenda chini na hakuamka mpaka hesabu ikaisha. Harlem watu wazima walitembea barabarani wakilia. Ujerumani ya Hitler ikasherehekea kama imeshinda vita.

Tuwe wakweli, gofu peke yake haikumpiga Joe. Schmeling alikuwa amekaa na filamu za mapambano yake akaona kitu: Joe akirusha konde la kushoto, mkono unarudi chini na kidevu kinabaki wazi. Mzee alifanya homuweki na kijana alikuwa nje anatafuta mipira kwa nyasi. Ndio hivyo.

Mtu mwingine angechoma zile fimbo. Joe hakuacha gofu, lakini alijifunza kuweka kila kitu mahali pake. Juni 1937 alimwangusha James Braddock raundi ya 8 pale Chicago akawa bingwa wa dunia, mweusi wa kwanza kushika taji hilo tangu Jack Johnson alipolipoteza mwaka 1915. Na tarehe 22 Juni 1938 akampata Schmeling tena, uwanja ule ule, mamilioni wakisikiliza kwa redio. Safari hii kazi ilichukua sekunde 124. Mjerumani alitoka hapo akaenda hospitali.

Baada ya hapo hakuna mtu angemwambia kitu kuhusu gofu. Alikuwa anacheza kila mahali palipomkubali. Aliajiri walimu, na mmoja wao, Ted Rhodes, kijana wa Nashville aliyeanza kama kedi wa kubebea wazungu mizigo, akawa rafiki na mwalimu wake. Joe alimlipia Rhodes masomo zaidi ili awe mchezaji wa ukweli. Fikiria hiyo: mwanafunzi anamsomesha mwalimu. Rhodes alifika hadi US Open ya 1948, yale mashindano makubwa kabisa ya Marekani.

Lakini gofu pia ilimmaliza mfuko. Joe alikuwa anabet kwa kila shimo, na viwanja vilijaa wajanja waliojifanya hawajui kucheza mpaka dau lipande. Unawajua hao, hata kwa pool table za huku wako. Walimkula mzima mzima. Na yeye hakuwa mtu wa kukataa. Alikopesha, alilipia watu bili, aligawa.

Sehemu moja ya hizo pesa ilienda mahali pazuri. Mwaka 1941, pale Detroit, uwanja wa Rackham, alianzisha mashindano yake, Joe Louis Open, ili wacheza gofu weusi wapate mahali pa kushindania doo. Kwa nini walihitaji yao? Kwa sababu chama cha wacheza gofu wa kulipwa wa Marekani, PGA, kilikuwa na kifungu kwenye katiba kinachosema uanachama ni wa wazungu peke yake. Haikuwa siri wala mambo ya kunong'onezana, ilikuwa imeandikwa. Mweusi angeweza kubeba begi la fimbo siku nzima, angeweza kukata nyasi, lakini kucheza kwa pesa akae mbali.

Na kabla hujatikisa kichwa ukisema Wamarekani, kumbuka kwetu. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianza mwaka 1906. Miaka yote ya ukoloni hizo klabu zilikuwa za wazungu, na Mwafrika aliyeingia getini aliingia kama kedi, mpishi au mtu wa nyasi. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na bingwa wa dunia wa kuwagongea mlango.

Vita vya pili vya dunia vilipoingia Marekani, Joe alijiunga na jeshi Januari 1942. Aliingia ulingoni mara mbili mwaka huo akatoa mapato yake kwa mifuko ya kusaidia familia za wanamaji na za wanajeshi. Baadaye watu wa kodi walimfuata wakidai kodi ya pesa ambazo hata hakuziweka mfukoni, pamoja na madeni mengine. Riba ikapanda juu ya riba, deni likazidi kukua. Ndio sababu mzee aliyestaafu mwaka 1949 alirudi ulingoni akiwa amechoka. Ezzard Charles akamshinda Septemba 1950. Tarehe 26 Oktoba 1951 Rocky Marciano, kijana mpya, alimwangusha raundi ya 8 akamtoa nje ya kamba. Inasemekana Marciano mwenyewe alilia. Ndondi zikaishia hapo.

Hebu sasa cheki kilichotokea chini ya miezi mitatu baadaye.

Januari 1952 waandalizi wa San Diego Open huko California walimwalika Joe acheze kama mchezaji wa ridhaa. Walitaka jina kubwa livute watu. PGA ilipogundua, ikasema hapana, kifungu ni kifungu. Na Joe hakuwa peke yake. Kulikuwa na Bill Spiller, mtu aliyesoma hadi chuo kikuu akaishia kubeba mizigo ya abiria stesheni ya treni Los Angeles. Spiller alishika fimbo kwa mara ya kwanza akiwa karibu miaka 30, mwanafunzi mzee kabisa, na ndani ya miaka michache akawa anacheza kama mlipwa. Kwa San Diego alikuwa amefuzu kwa mikwaju yake mwenyewe.

Joe wa zamani, yule wa sheria za mameneja, angenyamaza akaondoka. Huyu wa miaka 37, amepigwa, amefilisika, hana taji la kulinda, aliamua kuongea. Alienda kwa watu wa magazeti na redio akamlinganisha rais wa PGA, Horton Smith, na Hitler. Na Marekani nzima ilijua ni nani alimpiga mtu wa Hitler kwa sekunde 124. Ngori ikaanza.

PGA ikatafuta njia ya kujitoa. Ikasema Joe anaweza kucheza kwa sababu ni wa ridhaa na amealikwa, kwa hivyo sheria ya wanachama haimhusu. Spiller yeye ni mlipwa, abaki nje. Unaona ujanja? Wanamchukua yule ana jina, wanamwacha yule alikuwa anatafuta unga.

Spiller hakukubali. Siku ya kuanza alienda akasimama pale pale kwenye shimo la kwanza, ambapo mchezo unaanzia, akagoma kutoka. Ilibidi Joe aongee naye, amweleze kwamba vita bado vinaendelea na kwamba yeye akiingia ataendelea kusukuma kutoka ndani. Spiller akatoka, akiwa na uchungu. Hapa mimi huwa nakwama kidogo. Joe alifanya sawa kuingia bila mwenzake? Angegoma pia, labda dunia ingewaka zaidi. Ama labda hakuna mtu angeingia. Sijui ningefanya nini, na mimi sijawahi kuitwa mahali popote kwa sababu ya jina langu.

Joe akacheza. Mtu aliyetembea naye raundi ya kwanza ni Horton Smith mwenyewe. Siku ya kwanza alipiga mikwaju 76, na hiyo kwa mtu wa ridhaa kati ya magwiji sio mchezo. Siku ya pili 82, akatolewa kabla ya raundi za mwisho. Kwa karatasi alishindwa. Lakini alikuwa mweusi wa kwanza kucheza mashindano ya PGA kwa ruhusa yao wakijua kabisa ni nani.

Ndani ya wiki hizo hizo PGA ikalegeza kidogo: waandalizi wangeweza kualika wachezaji weusi wakitaka. Muda mfupi mbele, Phoenix, Arizona, wakaingia kundi zima: Joe, Rhodes, Spiller na kijana mmoja mkorofi anaitwa Charlie Sifford. Kwenye shimo la kwanza walikuta mtu ameweka kinyesi ndani ya kikombe. Wakasubiri kisafishwe ndio waendelee. Hiyo ni 1952, mwaka ule ule huku kwetu Oktoba hali ya hatari ilitangazwa, na baadaye watu wa Meru kama wenzao wa Kikuyu na Embu wakafungiwa vijijini.

Kifungu chenyewe kilifutwa Novemba 1961. Sifford akapata kadi yake, na mwaka 1967 akashinda mashindano ya Hartford. Spiller na Rhodes walikuwa wamezeeka wakati mlango unafunguka, miaka yao mizuri imeliwa. Rhodes alifariki 1969.

Joe mwenyewe maisha ya mwisho hayakuwa laini. Alijaribu mieleka ya maonyesho ili alipe kodi, kitu cha kutia huruma kwa bingwa kama yeye, mpaka serikali ikakubali kupunguza presha. Alipitia dawa za kulevya na ugonjwa wa akili, na mwishowe akapata kazi ya kusalimia wageni kwenye kasino ya Caesars Palace, Las Vegas. Watu walikuwa wanalipa kuona sura yake tu. Saa zingine alikuwa nje, kwa nyasi, anacheza. Alifariki tarehe 12 Aprili 1981 akiwa na miaka 66. Rais Reagan akaruhusu azikwe makaburi ya kitaifa ya Arlington, na mmoja wa waliosaidia gharama za mazishi ni Max Schmeling, yule Mjerumani. Walikuwa wameishia kuwa marafiki.

Nje kidogo ya Chicago kuna uwanja wa gofu wenye jina lake. Mwanawe, Joe Louis Barrow Jr., hakuenda kwa ndondi. Miaka mingi alikuwa bosi wa The First Tee, shirika linalofundisha watoto gofu, wakiwemo wale ambao wazazi wao hawana klabu.

Huku Mikinduri, shule zikifungwa tunachimba mashimo mengine mawili. Fimbo bado ni moja, na mathe ameanza kuhesabu makadamia.